Mashine ya ultrasaundi hupima muda na nguvu tu: fizikia ya kukusaidia kupata picha safi

Mashine ya ultrasaundi haioni ini wala mtoto. Hupiga sauti, hutega sikio, kisha hupima mambo mawili: mwangwi umechukua muda gani kurudi, na umerudi na nguvu kiasi gani. Yaliyobaki kwenye skrini ni makisio, na makisio hayo yamejengwa juu ya masharti manne. La kwanza, sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde kila mahali mwilini. La pili, huenda na kurudi kwa mstari ulionyooka, ikigonga kitu mara moja tu. La tatu, kila mwangwi umetoka katikati ya mwale wa sauti. La nne, sauti hufifia kwa kiwango kilekile kila sentimita. Mwili hauna habari na masharti hayo. Picha ikiharibika, tafuta ni sharti gani limevunjwa, utajua uguse kitufe kipi au uache vitufe na kuhamisha probu, kile kifaa cha mkononi kinachogusa ngozi.

Yanayofuata yanamfaa anayeanza: mwanafunzi wa KMTC (chuo cha mafunzo ya afya cha Kenya), muuguzi wa kliniki ya Githurai au Kayole ambako mashine imeletwa juzi, au daktari aliyezoea kusoma ripoti na sasa anataka kushika probu mwenyewe. Hesabu zake ni za kuzidisha na kugawanya, kikokotoo cha simu kinatosha.

Namba mbili za kukariri

Namba ya kwanza ni 13. Kwa kasi ya mita 1,540 kwa sekunde, sauti inahitaji mikrosekunde 13 kwenda sentimita moja ndani na kurudi. Mwangwi uliorudi baada ya mikrosekunde 65 huchorwa kwenye kina cha sentimita 5, na wa mikrosekunde 195 kwenye sentimita 15. Mashine haina njia nyingine ya kujua kina.

Hapo ndipo kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, inapotoka. Mashine hupiga mstari mmoja, husubiri mwangwi wa chini kabisa urudi, ndipo hupiga mstari unaofuata. Ukiweka kina cha sentimita 15 unapata mistari kama 5,100 kwa sekunde. Picha yenye mistari 128 itabadilika karibu mara 40 kwa sekunde, na hiyo ni kasi nzuri. Ukiacha kina kwenye sentimita 24, kama wengi wanavyofanya kwa sababu ndivyo mashine ilivyowaka, unashuka hadi fremu kama 25. Kwa ini linalotulia si neno. Kwa moyo wa mtoto unaopiga mara 150 kwa dakika, kila pigo linagawanywa kwa fremu kumi tu na vali zinaonekana zikirukaruka.

Namba ya pili ni 1.54. Igawe kwa frikwensi ya probu (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) katika megahezi, yaani mamilioni, utapata urefu wa wimbi kwa milimita: megahezi 3.5 hutoa milimita 0.44, megahezi 5 hutoa 0.31, megahezi 10 hutoa 0.15. Probu hutuma mpigo mfupi wa mawimbi mawili au matatu, na vitu viwili vilivyopangana kwenye njia ya mwale hutenganishwa kwenye picha iwapo nafasi kati yao inazidi nusu ya urefu wa mpigo huo. Kwa mawimbi matatu ya megahezi 3.5, nafasi hiyo ni kama milimita 0.66. Kwa megahezi 10 ni 0.23.

Basi kwa nini tusitumie megahezi 10 kwa kila mgonjwa? Kwa sababu sauti hufifia. Tishu laini hula takriban nusu desibeli (kipimo cha kupanda au kushuka kwa nguvu ya sauti) kwa kila sentimita kwa kila megahezi, na safari ni ya kwenda na kurudi. Chukua figo ya mama mnene iliyo sentimita 12 ndani. Kwa megahezi 3.5, zidisha 0.5 kwa 3.5 kwa sentimita 24: desibeli 42, yaani nguvu imepungua kama mara 16,000. Mashine bado inasikia. Kwa megahezi 10 ni desibeli 120, sehemu moja ya trilioni, na geini (kitufe cha kukuza mwangwi) hata ukiipandisha hadi mwisho itaongeza chengachenga tu. Kwa hiyo tumia frikwensi ya juu kabisa ambayo bado inafika unapotaka kuona. Tumbo na ujauzito: probu ya mviringo ya megahezi 2 hadi 5. Tezi ya thairoidi, titi, mishipa ya shingo: probu bapa ya 7 hadi 12. Moyo: probu yenye uso mdogo wa kupita kati ya mbavu, megahezi 2 hadi 4. Ya kupitia ukeni ni 5 hadi 9, na uzuri wake ni kwamba inakaa karibu na mfuko wa uzazi, kwa hiyo inaweza kumudu frikwensi ya juu. Kliniki ikiwa na pesa za probu mbili tu, inunue ya mviringo na bapa. Hizo mbili zitafanya kazi nyingi zaidi ya ya moyo ambayo hakuna aliyefunzwa kuitumia.

Ndani ya probu, na kwa nini usiiangushe

Fuwele za piezoelektriki hugeuza umeme kuwa mtikisiko na mtikisiko kuwa umeme. Jacques na Pierre Curie ndio waliolionyesha jambo hilo mwaka 1880. Unene wa fuwele ni nusu ya urefu wa wimbi ndani yake. Kwenye kauri inayotumiwa na probu nyingi, sauti hukimbia kama mita 4,000 kwa sekunde, kwa hiyo fuwele ya megahezi 5 ina unene wa milimita 0.4 hivi. Probu ya kawaida huwa na vipande kama 128 vya namna hiyo vimepangwa safu. Nyuma yake kuna kizuizi kinachozima mtikisiko upesi ili mpigo uwe mfupi, na mbele kuna tabaka la kuipitisha sauti kwa upole kuelekea ngozi, kisha lenzi ya mpira. Ukiiangusha probu kwenye sakafu ya vigae, lenzi inaweza kubaki nzima huku vipande kadhaa ndani vimekufa au tabaka limebanduka. Waya nao hufa taratibu, hasa ukipitiwa na magurudumu ya mashine yenyewe.

Jeli, hewa na chai ya maziwa

Sauti hurudi inapokutana na badiliko la ukinzani, yaani densiti ya kitu (uzito wake kwa ujazo) mara kasi ya sauti ndani yake. Kati ya mafuta ya mwili na msuli, karibu asilimia 1 ya nguvu hurudi na iliyobaki huendelea, na hali hiyo ndiyo tunayoitaka. Kati ya tishu na mfupa hurudi kama asilimia 40. Kati ya tishu na hewa hurudi asilimia 99.9. Tabaka la hewa jembamba kuliko karatasi, kwenye nywele za kitovuni au kwenye ngozi kavu, linatosha kuizima picha.

Kwa hiyo mimina jeli ya kutosha, na usambaze kwa probu yenyewe. Picha ikiwa na mapengo meusi pembeni, angalia kwanza kama ukingo wa probu umenyanyuka kwenye ngozi kabla ya kulaumu mashine. Jeli ikiisha, maji safi hufaa kwa dakika chache. Usitumie vaselini wala mafuta ya kupikia: mafuta huvimbisha na kuozesha mpira wa lenzi, na probu ni sehemu ghali kuliko unavyodhani. Spiriti na dawa ya klorini pia huharibu lenzi za aina nyingi, kwa hiyo safisha kwa kile ambacho kitabu cha mashine kimekiruhusu.

Hewa ya ndani ya utumbo ni ngumu zaidi kwa kuwa huwezi kuipaka jeli. Kwa mimba changa, mama anywe maji kama lita moja saa moja kabla, asikojoe. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo pembeni na kuwa dirisha la kuonea mfuko wa uzazi. Kwa mfuko wa nyongo, mgonjwa afunge saa 6 hadi 8. Hapa Nairobi ni lazima umuulize waziwazi kuhusu chai, maana wengi watasema hawajala chochote ilhali wamekunywa kikombe cha chai ya maziwa alfajiri kabla ya kupanda matatu. Mafuta ya maziwa huamrisha mfuko wa nyongo kujikunja, na mfuko uliojikunja una ukuta unaoonekana mnene kama wa mgonjwa. Gesi iliyobaki, ibane polepole kwa probu au mlaze mgonjwa kwa ubavu.

Vitufe, kwa mpangilio wake

Anza kwa kuchagua kiungo kwenye orodha ya mashine, tumbo au ujauzito au mishipa, maana hapo mashine hujipangia mambo mengi. Fifisha taa na uvute pazia. Chumba kikiwa na jua la saa sita, jicho huona picha nyeusi na mkono hupandisha geini bila sababu.

Kisha kina, kitufe cha DEPTH: punguza hadi kiungo kijaze robo tatu ya skrini. Ukishajua unachotafuta, punguza pia upana wa picha, fremu zitaongezeka.

Fokasi huwekwa sawa na kitu unachokiangalia au chini yake kidogo. Mwale una kiuno, na vitu viwili vilivyo ubavu kwa ubavu hutenganishwa vizuri pale kiuno kilipo. Juu na chini ya hapo mwale hutanuka na kitone kuwa mstari. Ukiweka fokasi mbili au tatu kwa pamoja, mashine hupiga kila mstari mara mbili au tatu, na kasi ya fremu inalipa gharama. Kwa kiungo kisichotikisika, ruhusu. Kwa moyo, moja tu.

Geini, yaani GAIN, huongeza sauti iliyokwisha kurudi. Haiongezi hata chembe ya nguvu inayoingia mwilini, wala haiongezi habari. Kipimo chake ni mkojo: ndani ya kibofu kuwe kweusi, na damu ndani ya mshipa mkubwa iwe nyeusi. Ukiona ukungu wa kijivu ndani ya mkojo, shusha. Ukiona ini limekuwa jeusi kama mkojo, umeshusha kupita kiasi.

Vitelezi vya TGC, yaani geini kulingana na kina, ndivyo vinavyoshughulikia sharti la nne. Kila kitelezi ni cha kina chake, cha juu kwa karibu, cha chini kwa mbali, na kazi yake ni kulipia kufifia ili ini la sentimita 3 na la sentimita 13 yawe na weupe mmoja. Kawaida ya vitelezi ni mteremko laini kuelekea kulia. Ukiona mkanda mweupe umekatiza picha yote kwa mlalo, kuna kitelezi kimoja kimesukumwa na kiwiko. Na kibofu kikijaa, tishu iliyo nyuma yake itang'aa mno kwa sababu maji hayakula sauti kama mashine ilivyodhani. Vuta vitelezi vya chini kuelekea kushoto, la sivyo utaficha kilicho nyuma ya mfuko wa uzazi.

Baada ya yote hayo kama chini bado ni giza, ndipo ushushe frikwensi. Wengi huanza na hili la mwisho na kuishia na picha butu.

Picha za uongo ambazo ni za msaada

Kivuli cheusi nyuma ya kitu cheupe kinasema kwamba sauti imezuiwa. Kijiwe cha nyongo hutoa kivuli kisafi, chenye kingo kali. Gesi ya utumbo hutoa kivuli kichafu chenye ukungu ndani yake, kwa sababu sauti inarukaruka kati ya gesi na probu. Ukishuku kijiwe, mgeuze mgonjwa alalie ubavu wa kushoto: kijiwe kitabingirika, polipu (kinyama kilichoota ukutani) itabaki imeshikilia ukuta. Kijiwe kidogo kuliko upana wa mwale hakitoi kivuli, basi weka fokasi hapohapo na upandishe frikwensi kabla ya kusema si kijiwe.

Weupe nyuma ya uvimbe mweusi ni kinyume chake: sauti imepita bila kufifia, kwa hiyo ndani kuna maji. Uvimbe mweusi usio na weupe nyuma yake unaweza kuwa tishu ngumu yenye mwangwi hafifu, na hapo usiandike kuwa ni maji.

Mistari myeupe inayojirudia kwa nafasi sawa inatoka kwa sauti iliyogonga ukuta, ikarudi, ikagonga tena. Pima nafasi kati ya mistari, na ikilingana, basi ni mwangwi uleule umehesabiwa mara nyingi. Kiwambo, msuli wa kupumulia ulio kati ya ini na pafu, hufanya kazi ya kioo, kwa hiyo uvimbe ulio ndani ya ini unaweza kuonekana tena upande wa pafu. Kioo hicho ni hewa iliyomo ndani ya pafu. Badilisha pembe ya probu na nakala itatoweka huku uvimbe halisi ukibaki.

Kasi nayo hudanganya. Kwenye mafuta sauti huenda mita 1,450 kwa sekunde. Mafuta ya sentimita 3 huchorwa kama sentimita 3.2, na kila kilicho nyuma yake kinasukumwa chini milimita 2. Kwa kupima kichwa cha mtoto haidhuru sana, lakini kwa sindano unayoielekeza kwenye mshipa, milimita 2 ni nyingi.

Doppler kwa hesabu moja

King'ora cha ambulensi inayoshuka Barabara ya Ngong hupanda sauti ikikujia na kushuka ikikupita. Seli nyekundu za damu hufanya hivyohivyo kwa sauti ya probu, na Christian Doppler alilieleza jambo hili mwaka 1842. Badiliko la frikwensi ni mara mbili ya frikwensi ya probu, mara kasi ya damu, mara kosaini ya pembe, gawanya kwa 1,540. Kwa megahezi 5, damu ya mita 0.5 kwa sekunde na pembe ya digrii 60, jibu ni kama hezi 1,600, ndiyo maana unaisikia kwenye spika.

Tatizo liko kwenye pembe. Kwa digrii 90 kosaini ni sifuri, na mshipa wenye damu tele utaonekana umeziba. Ukikosea pembe kwa digrii 5 ukiwa kwenye 30, kasi inakosewa kwa kama asilimia 5. Kosa hilohilo ukiwa kwenye 60 ni karibu asilimia 18. Basi kaa 60 au chini yake, na ulaze alama ya pembe sambamba na ukuta wa mshipa.

Ikiwa kilele cha wimbi kimekatwa na kutokea upande wa chini wa mstari wa sifuri, damu ina kasi kuliko mashine inavyopiga. Badiliko likizidi nusu ya idadi ya mipigo kwa sekunde, mashine haiwezi kujua mwelekeo. Pandisha SCALE (kitufe cha idadi ya mipigo), shusha mstari wa sifuri, tafuta dirisha lenye kina kifupi, au tumia probu ya frikwensi ya chini. Kwa Doppler ya rangi, mshipa uliojaa mchanganyiko wa nyekundu na buluu mara nyingi una tatizo hilohilo, usiukimbilie kuuita ugonjwa.

Nguvu inayoingia mwilini

Kwenye kona ya skrini kuna vipimo viwili vya hatari: TI ya joto na MI ya msukosuko wa tishu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeweka kikomo cha MI kuwa 1.9, na kwa jicho 0.23 tu. Kwa mtoto tumboni, weka TI chini ya 0.7. Picha ikiwa nyeusi, pandisha geini kwanza kabla ya POWER, kwa kuwa geini haimgusi mama. Mapigo ya moyo ya mimba changa yapime kwa modi ya M (inayochora mwendo wa mstari mmoja kadiri muda unavyopita), si kwa Doppler, ambayo hukaza nguvu mahali pamoja. Ukimaliza kuangalia, zuia picha kwa FREEZE hata kama bado unaandika vipimo.

Kuijaribu mashine kabla ya kulipa

Mashine nyingi za kliniki ndogo za Nairobi ni zilizotumika. Nenda na karatasi, klipu ya chuma, rula ya chuma na beseni.

Washa probu ikiwa kavu, bila jeli, ikitazama hewa. Juu ya skrini utaona mikanda myeupe iliyolingana kutoka ukingo hadi ukingo. Mahali mikanda inapokatika kwa mstari mweusi wa wima, pana vipande vilivyokufa au lenzi iliyobanduka. Kuthibitisha, paka jeli kidogo, nyoosha klipu na uiburute polepole kwenye uso wa probu. Mng'ao wake unapotoweka ndipo kipande kilipokufa. Kimoja au viwili pembeni unaweza kuvivumilia kwa bei nzuri, katikati usikubali, hasa ukitaka Doppler. Kisha tikisa waya karibu na shingo ya probu na karibu na plagi huku picha inatembea: ikikatakata, waya umevunjika ndani.

Jaza beseni maji yaliyotulia hadi sentimita 10 kwa rula, gusisha lenzi tu juu ya maji, na upime kina cha kitako cha beseni kwenye skrini. Kwa maji ya digrii 20, sauti huenda mita 1,482 kwa sekunde, kwa hiyo mashine isiyo na hitilafu itasoma kama sentimita 10.4, si 10. Ikisoma 10.4 iko sawa. Ikisoma 11 au 9.5, rula yake ya ndani imepotoka, na umri wa mimba utakaoandika nao utapotoka.

Kwa mazoezi ya mkono, chemsha lita moja ya maji, changanya gramu 100 za jelatini na kijiko kikubwa kimoja cha isabgoli (maganda ya mbegu za psyllium), ambayo huuzwa kwenye maduka ya dawa na ya viungo kule Ngara na Parklands. Koroga taratibu bila kufanya povu, kisha engua povu lililojitokeza, maana kila kiputo kitatoa kivuli. Mimina theluthi moja kwenye bakuli, iache igande kwenye friji, weka juu yake kidole cha glavu kilichojazwa maji na kufungwa bila hewa pamoja na changarawe moja, kisha mimina iliyobaki ikiwa vuguvugu. Kidole kitakupa weupe nyuma ya maji, changarawe itakupa kivuli, na isabgoli itakupa ukijivu wa ini. Hukaa siku kadhaa kwenye friji kabla ya kuota ukungu.

Ukishalipa, nunua UPS (betri ya akiba ya stima) yenye uwezo wa mashine pamoja na printa, na fundi ahakikishe soketi ina waya wa ardhi. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ya umeme ndiyo huungua kwanza. Na mikwaruzo myeupe inayopita kwenye picha kwa mpigo wa sawasawa hutoka mara nyingi kwa kifaa kingine kilicho kwenye soketi ileile. Zima feni, kisha chaja ya simu, kisha taa ya LED, kimoja baada ya kingine, hadi mikwaruzo ikome.